Safari ya Kaburi la Bibi, Karibu na Tunduma



Mwaka jana, masika yalipokwisha, wana wa marehemu ndugu yangu waliniletea habari kwamba wamepata mnunuzi wa shamba la bibi yetu, lililo kando ya barabara kuu, safari fupi kabla ya kufika Tunduma. Wakaniomba niende kutia sahihi, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wa ukoo aliyesalia. Nami, sitaficha, moyoni nalikuwa nimekwisha kukubali, kwa maana paa la nyumba yangu linavuja, na malipo ya uzeeni ya mwalimu si mengi.

Basi naliondoka Mbeya alfajiri. Mwendo wa kutoka huko hata Tunduma ni kama kilomita 100. Ukipita Mbalizi utavuka mto Songwe, ule uendao ziwa Rukwa. Maana iko mito miwili yenye jina hilo, na wa pili huteremka mpaka ziwa Nyasa, nao ndio mpaka wetu na Malawi. Kisha unaingia Mbozi, nchi ya Wanyiha, yenye mibuni, mahindi na maharage. Huko ndiko kiliko Kimondo, lile pande la chuma lililoanguka kutoka mbinguni, urefu wake kama mita 3, na uzito wake husemwa kuwa yapata tani 16. Wenyeji walikijua tangu zamani, lakini wageni walianza kukiandika mwaka 1930 tu. Ukifika Vwawa, hapo ndipo makao makuu ya Mkoa wa Songwe, uliotengwa na Mbeya mwaka 2016.

Kabla ya kufika Tunduma nikaona malori yamepangana kandokando ya njia, yakingoja zamu ya kuvukia Nakonde, upande wa Zambia. Madereva wengine walikuwa wamelala chini ya magari, wengine wakipika. Nilipowaona, nikakumbuka jambo la utoto wangu.

Mwezi wa Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe, na Zambia ikakosa njia yake ya kuletewa mafuta. Hapo ndipo malori yalipoanza kupeleka mapipa kutoka Dar es Salaam kwa barabara hii, ambayo siku zile sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Masika ya 1966 yalikuwa ya taabu: magari yalizama matopeni, mengine yakapinduka. Bomba la mafuta lilikuwa halijajengwa mpaka 1968, na reli ya TAZARA haikuanza kazi mpaka 1976.

Bibi alikuwa Mnyamwanga, mjane, hana mali ila shamba lile na kuku wachache. Lakini kila siku aliweka mtungi wa maji mlangoni, na alipokuwa na ulezi alipika uji kwa ajili ya wale madereva. Mimi, mtoto wa miaka minane, ndiye niliyewapelekea. Siku moja dereva mmoja alinipa senti kumi, ile yenye tundu katikati. Kesho yake nikawaambia wenzake kwamba uji ni senti kumi. Jioni nikawa na sarafu sita, nimezitunga katika uzi na kuzivaa shingoni.

Bibi alipoziona hakunipiga wala hakunigombeza. Alitwaa kanga yake, akanishika mkono, tukatoka katika mvua. Tulikwenda lori kwa lori, na kila mmoja alimwambia, "Baba, mjukuu wangu alikosea; hii ni yako." Watano tuliwapata. Wa sita alikuwa amekwisha kwenda zake. Ile sarafu moja bibi aliifunga katika pindo la kanga, akasema, "Hii si yetu. Tutamwekea." Alipofariki mwaka 1988 tukaikuta kikapuni mwake.

Sasa nirudi kwenye habari ya shamba. Nilipofika nalimkuta mama mmoja akifagia kaburi la bibi. Nalimjua. Mwaka 1971 mama yake alifika usiku kutoka ng'ambo ya mpaka, naye akiwa mtoto mchanga mgongoni, wamefukuzwa na wakwe. Msomaji atakumbuka ya kuwa mpaka ule walipatana Waingereza na Wadachi mwaka 1890, huko Ulaya, ukawagawa Wanyamwanga sehemu mbili. Hata leo ndugu huvuka kwenda kuzikana. Bibi aliwapa pembe ya shamba wajenge. Akanena mbele yangu na mbele ya wazee wawili, "Hapa ni pako, na pa mtoto wako." Wale wazee wamekwisha kufa. Hati haikuandikwa. Mwenye kuyasikia maneno yale amebaki mmoja, nami nilikuwa nimekuja na kalamu ya kuuza.

Yule mama hakuniomba neno. Aliniletea maji ya kunawa, akasema, "Shikamoo, baba. Karibu nyumbani kwenu." Usiku ule sikulala.

Asubuhi tulikwenda mbele ya wazee na mwenyekiti wa kijiji. Wana wa ndugu yangu walisema kwanza. Nilipoulizwa, nikaeleza niliyoyasikia mwaka 1971, neno kwa neno. Baraza likaamua ile pembe ni yake, na lililobaki ligawanywe kwa ukoo. Kisha wakamwelekeza aombe hati ya hakimiliki ya kimila, kama iruhusuvyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Yule mnunuzi aliyataka yote pamoja, kwa hiyo akaondoka. Mmoja wa vijana wetu hakuniaga, na hata leo hajanipigia simu. Paa langu lingali linavuja.

Ndugu wasomaji, hasa ninyi walimu mnaojua kalamu, nawasihi jambo moja. Wazee wetu walitoa kwa maneno, mbele ya mashahidi, nao mashahidi wanakwisha. Kama wewe ulisikia bibi au babu akimpa mtu mahali pa kukaa, usingoje kuulizwa. Nenda ukaandikishe, ungali hai.