Jitu la Nzambani

Ukishuka nasi kutoka kwa Susu, nyanya yetu, jioni ya Jumamosi, unapita kwanza uzio wa makonge, kisha mkwaju ambao mbuzi hupenda kulala chini yake, kisha unapishana na punda wanaorudi kutoka mto Kalundu, mitungi ya maji ikigongana ubavuni mwao. Vumbi ni jekundu na laini, linakaa katikati ya vidole vya miguu hata ukinawa. Jenereta ya misheni utaisikia kabla hujauona ukumbi. Inakohoa, inanyamaza, inakohoa tena, halafu inashika mdundo wake, na hapo watoto wote waliokuwa wakitembea wanaanza kukimbia.

Susu hakimbii. Anakuja nyuma na kiondo chake ambacho hakijafika hata nusu, na fundo la nyuzi za katani kwapani.

Ilikuwa miaka ile Sauti ya Kenya ilipokuwa imebadilishwa jina na kuitwa KBC, mwisho wa miaka ya themanini na kuingia tisini. Kwetu televisheni ilikuwa kitu cha mjini. Aliyebahatika kumwona Mzee Ojwang katika Vitimbi alirudi kijijini na kutuigizia, nasi tukamwamini. Televisheni ya misheni ilikaa ndani ya kabati la mbao lenye kufuli, katika ukumbi ambao mchana ulikuwa chekechea. Ukutani kulikuwa na herufi kubwa za rangi, na hewa yake ilikuwa mchanganyiko wa chaki, dizeli, mafuta ya kujipaka na mahindi ya kuchoma yaliyofichwa mifukoni. Wakubwa walikaa kwenye mabenchi ya kanisa, sisi chini kwenye saruji, ambayo baada ya joto la mchana ilikuwa bado vuguvugu.

Padri alikuwa Mwairishi, mmoja wa wale wamisionari wa Kiltegan waliofika Kitui tangu miaka ya hamsini. Dada yake aliishi London, na huko alikuwa akinasa vipindi vya Channel 4 kwenye kaseti na kumtumia kwa posta. Kaseti moja iliandikwa kwa wino wa buluu: The StoryTeller. Hiyo ndiyo tuliyoiomba kila Jumamosi mpaka mkanda wake ukaanza kutoa mistari myeupe.

Ndani yake mzee mwenye pua ndefu na masikio makubwa ameketi mbele ya moto, mbwa wake pembeni, anasimulia hadithi za kale za Ulaya. Mzee alikuwa mwigizaji John Hurt, pua na masikio vikiwa vya kubandikwa. Mbwa alikuwa kikaragosi, na aliyemchezesha na kumpa sauti ni Brian, mwana wa Jim Henson, yule Henson aliyewaumba vikaragosi wa Sesame Street. Wazo la kipindi lilitoka kwa binti wa Jim, Lisa, aliyekuwa amesomea hadithi za jadi chuoni Harvard. Hadithi zote tisa ziliandikwa na Anthony Minghella, ambaye baadaye alipata tuzo ya Oscar kwa filamu The English Patient. Haya nimeyasoma ukubwani. Wakati ule hakuna aliyetuambia kwamba zile nyuso zilikuwa za mpira na ndani yake mna mota ndogondogo, na sisi hatukuuliza. Mbwa alikuwa mbwa anayesema. Katika hadithi za Susu fisi na sungura walisema tangu zamani, na hatukuwahi kuuliza nani anawachezesha.

Mbwa ndiye aliyempendeza Susu. Mzee akisimulia, mbwa anamkatiza: anauliza, anabisha, anaogopa, anataka kujua mwisho kabla haujafika. Susu aliusokota uzi wa katani juu ya paja lake, akatazama kwa muda, kisha akamwambia mama aliyeketi karibu naye kwamba yule mzungu ni mtu wa kuhurumiwa, hana wajukuu, basi amemfundisha mbwa kuitikia.

Kiingereza cha John Hurt kilitupita wengi. Ndipo katekista alipokuwa anasimama kando ya kabati, fimbo mkononi, akitutafsiria kwa Kikamba papo hapo. Vijana wa leo wanaomsikiliza DJ Afro akizitia maneno filamu za kigeni wanadhani kazi hiyo imezuka juzi. Katekista wetu aliifanya bila kipaza sauti, akishindana na jenereta, na mvua za Novemba zikianza kupiga mabati alishindana nazo pia. Alikuwa na tabia moja: mzee wa kwenye kioo akinyamaza ili picha zijisemee zenyewe, yeye hakunyamaza. Aliijaza ile nafasi. Hata matangazo ya biashara, ambayo dada wa padri hakuyakata, aliyatafsiri. Kwa muda mrefu niliamini kwamba katikati ya hadithi ya wale ndugu waliogeuzwa kunguru kuna mwanamke anayefurahia sabuni.

Tulizipenda zote, lakini ile ya Hans, mtoto aliyezaliwa na miiba ya kalunguyeye, ilirudiwa kuliko nyingine. Anaondoka kwao akiwa amempanda jogoo mkubwa, anamwokoa mfalme aliyepotea msituni, na kwa ahadi ya mfalme huyo anapewa binti yake. Usiku Hans anaivua ngozi ya miiba na kuwa kijana mzuri. Binti anatakiwa kuitunza siri, anashindwa, naye Hans anatoweka. Binti anamtafuta dunia nzima mpaka jozi tatu za viatu vya chuma zinakwisha miguuni. Ukumbi mzima uliguna kwa kuridhika. Kwa miiba ya migunga ya kwetu, viatu vya chuma vilikuwa jambo la busara.

Usiku nisioweza kuusahau ni ule wa Jitu Lisilo na Moyo. Jitu limeuficha moyo wake mbali ili lisidhurike, na mwana wa mfalme anayeitwa Leo analibembeleza limwambie uko wapi. Linamdanganya, linamdanganya tena, kisha linasema kweli: moyo uko ndani ya yai. Leo ameshalipata yai, anarudi, na hapo jenereta ikakohoa mara moja na kuzimika. Dizeli ilikuwa imekwisha. Giza likajaa ukumbini, na kwenye kioo kikabaki kidoa cheupe kinachofifia.

Hakuna aliyeinuka. Padri alikwenda kutafuta chemli, na katekista, ambaye hata yeye hakuwa ameuona mwisho, akaendelea kusimulia. Leo alilirudishia jitu moyo wake. Jitu likalia siku saba, likaomba msamaha kwa kila boma lililokuwa limelivunja, kisha likaenda kuketi nje ya mji, likageuka mwamba. Mkitaka kuliona, akasema, piteni Nzambani. Sote tuliujua mwamba wa Nzambani, ambao husemwa kwamba ukiuzunguka mara saba, mwanamume hugeuka mwanamke na mwanamke mwanamume. Kwa hiyo hatukuwa na sababu ya kutomwamini.

Nimeitazama tena hadithi ile nikiwa mtu mzima, mjini, kwenye simu. Nduguze Leo wanamnyang'anya yai na kuliponda, na jitu linakufa. Halafu msimulizi anaongeza kwamba Leo mwenyewe, kila alipoisimulia baadaye, alisema jitu lilirudishiwa moyo wake. Nilicheka peke yangu. Katekista alikuwa ameuvumbua gizani uongo uleule wa huruma. Mfululizo ninaoujua mimi, nusu wa Minghella na nusu wa katekista, haupo kwenye kaseti yoyote. John Mbiti, mzaliwa wa Mulago hapahapa Kitui, alizikusanya hadithi za Wakamba na kuzitoa kitabuni mwaka 1966. Hii ya katekista ilichelewa mno kumfikia.

Likizo ya Agosti iliyofuata, binamu zetu walikuja kutoka Mutomo. Baada ya chakula cha muthokoi, Susu aliwasimulia habari za Hans kama mambo yaliyotokea ng'ambo ya mto Thua. Jogoo alibaki jogoo. Ngozi ya miiba ilibaki. Lakini alipofika kwenye ndoa akasimama: mfalme ameahidi, sawa, ila mbuzi wa ntheo, wale wa kuposea, wako wapi? Bila ntheo hakuna ndoa, na huenda ndiyo sababu mambo yaliharibika. Binamu mkubwa akasema jogoo angeweza kuhesabiwa badala ya mbuzi. Susu akamwuliza ameona wapi jogoo akipelekwa ntheo. Mwingine akadai mfalme alikuwa na deni, kwa kuwa aliokolewa msituni, kwa hiyo asidai kitu. Wakagawanyika pande mbili kuzunguka mafiga, chungu kikipoa, na binti wa watu akaachwa njiani na jozi yake ya pili ya viatu, akisubiri idadi ya mbuzi iamuliwe.