Ngumi Katika Nuru Haba

Mwaka 1994 nilikuwa karani mjini Nairobi, na makao yangu yalikuwa Kawangware. Jirani yangu, mama mmoja mtu mzima, alikuwa na mwana bondia. Hakupata kumwona akipigana hata siku moja, kwa kuwa mapambano yalikuwa usiku, huko Charter Hall katikati ya mji, na miguu yake ilikwisha dhoofika. Akaniomba, "Mwanangu, wewe una kamera; niletee nimwone."

Nilikwenda kwa kiburi. Filamu yangu ilikuwa ya 100, ifaayo jua la mchana, na lenzi haikufunguka kupita 3.5. Kwa kuwa nuru ilikuwa haba, niliacha mlango wa kamera wazi kwa sehemu ya 30 ya sekunde. Ngumi haingoji kiasi hicho. Picha ziliposafishwa, kijana alikuwa na kichwa lakini hana mikono. Ukungu tu katika giza. Mama alizigeuzageuza, akanirudishia kwa adabu.

Fundi mmoja wa picha upande wa River Road alinicheka, kisha akanifundisha. Nilinunua filamu ya 400, ya nyeusi na nyeupe, nikaitumia kana kwamba ni ya 1600, naye akaiacha katika dawa muda mrefu zaidi. Picha za namna hiyo huwa na chembechembe kama mchanga, lakini si kitu. Nikaazima lenzi ya 1.8, nikapata sehemu ya 250 ya sekunde. Lenzi iliyofunguka hivyo huona barabara umbali mfinyu tu. Basi nikaipimia mapema kamba za karibu, nikangoja wapiganaji wasogee hapo. Tena, katika kamera yangu, kioo cha ndani huinuka picha inapopigwa: ukiiona ngumi ikitua, umekwisha ikosa. Yafaa kubonyeza bega linapoanza kugeuka.

Katika picha 36, tatu zilikuwa safi. Katika mbili mwamuzi ameuinua mkono wa kijana, maana alishinda. Picha ambazo hata lenzi yangu ya kale ingaliziweza. Ya tatu ilizipita zote kwa uzuri: amepigwa taya, macho yamefumba, jasho limesimama hewani kama shanga. Hiyo niliificha.

Mama alizitazama zile mbili kwa muda mrefu. "Hapa amesimama tu," akasema. "Iko wapi alipopigwa?"

Nikarudi nyumbani kuichukua.