Ndeke gani hiyo? Maswali yetu ya Jumamosi jioni

Wasikilizaji wa Baraka, wa Fizi na nyinyi mlio makambini, wengi mmeniuliza kwa nini kipindi chetu cha Jumamosi kinauliza maswali juu ya ndege za vita za zamani, wakati watu wamechoka na vita. Ni swali la haki. Nalijibu hapa kwa maandishi, maana hewani dakika hazitoshi.

Utaratibu mnaufahamu. Ninasoma dalili tatu, moja moja, ngumu kwanza na nyepesi mwisho, na anayepiga simu akitaja ndege sawasawa anapata yunite. Kanuni ni mbili. Hatuulizi kamwe habari za ndege iliyopita leo au jana, iwe ya nani. Na hatupigi mlio wa ndege hewani. Kanuni hii ya pili ilitoka kwa mama mmoja wa kambini, nitamfikia.

Swali la kwanza lililojaza simu lilikuwa hili: ilitengenezwa Ufaransa kwa ajili ya kufundishia marubani, mkia wake umekaa kama herufi V, mwaka 1961 Katanga ilipokea tatu tu, lakini moja ikawasumbua askari wa Umoja wa Mataifa. Jibu ni Fouga Magister. Mwezi wa 9 mwaka ule, Waairlandi zaidi ya 150 walizingirwa Jadotville, yaani Likasi ya leo, na Fouga ikawa inakuja kuwapiga bila kitu cha kuizuia angani. Walijisalimisha tarehe 17. Usiku wa siku ile ile ndege ya Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka karibu na Ndola. Ilikuwa DC-6, ndege ya abiria, na ilikuwa imezunguka mbali upande wa mashariki kwa kuiogopa Fouga hiyo. Watu wanabishana hadi leo juu ya kilichoiangusha, mimi siingii humo. Ninachotaka mshike ni kwamba ndege ndogo ya shule, moja tu, ilibadilisha njia ya mkubwa wa dunia.

Baada ya hapo Umoja wa Mataifa nao ukaleta za kwake. Waswidi walileta Saab 29, fupi na nene, ambayo kwao waliiita Tunnan, maana yake pipa. Dalili ilikuwa hiyo ya pipa, na kijana mmoja wa kidato cha nne alijibu kabla sijamaliza kusoma. Alisema aliona picha yake na akacheka, hakuisahau tena. Waethiopia walileta Sabre. Mwisho wa 1962 mapipa hayo yalikuwa yanatoka Kamina kwenda kupiga uwanja wa ndege wa Kolwezi.

Lakini hayo ni ya Katanga. Simu za wazee zilianza kuingia siku tulipofika kwetu, mwaka 1965.

Niliuliza hivi: Waamerika waliitengeneza kwa kufundishia; ina injini moja na panga linalozunguka mbele, na viti viwili, mmoja nyuma ya mwingine; ilikuwa inaruka kutoka Albertville, yaani Kalemie, kuja kutupiga huku ziwani. Wengi walijibu T-6. Ni jibu la karibu sana, kwa sababu T-6 nayo ilipigana Kongo mwaka 1964, nayo ni ya shule, nayo ina injini moja na viti viwili. Basi akapiga mzee mmoja kutoka kambini, sauti ya taratibu. Akasema: "Mwanangu, ile ilipokuwa chini uwanjani, ilikaa sawa ao iliinua pua?" Nikamwambia ilikaa sawa. "Basi ina gurudumu mbele. Hiyo ni T-28. T-6 gurudumu lake dogo liko mkiani, ikisimama inaangalia mbinguni."

Nilimwuliza amejulia wapi. Alikuwa mtoto wa miaka kama kumi, akasema, na baada ya vita mjomba wake alipata kazi ya kufagia kwenye uwanja wa Kalemie, akawa anamchukua Jumapili. Aliziona zimepangwa kwenye mstari. Alizitambua kwa sababu alikuwa amezitazama kutoka chini ya migomba ya nyanya yake, na alitaka kujua ni kitu gani kile. Hayo ndiyo maneno yake: alitaka kujua ni kitu gani.

Dalili ya B-26 ndiyo inayowaangusha wengi, na nawapa siri yake. Kulikuwa na ndege mbili tofauti zenye jina B-26. Ya kwanza ni Marauder ya kampuni ya Martin, ya Vita vya Pili. Ya pili ni Invader ya kampuni ya Douglas, ambayo iliitwa A-26 hadi 1948, kisha ikapewa jina B-26 wakati lile la kwanza lilikuwa limeachwa. Iliyokuja Kongo ni Invader, injini mbili. Marubani wake wengi hapa walikuwa Wakuba waliomkimbia Castro. Na chini, katika misitu ya Fizi, toka mwezi wa 4 hadi wa 11 mwaka 1965, alikuwapo Che Guevara na Wakuba wa Castro, yeye mwenyewe akiitwa Tatu kwa Kiswahili chetu. Wakuba juu, Wakuba chini, na katikati yao mashamba ya watu. Mwisho wa mwezi wa 9 mamluki wa Mike Hoare waliposhuka kutoka ziwani hapa Baraka, ndege hizo ndizo zilizowafungulia njia.

Angalieni jambo moja ambalo mimi liliniingia polepole, swali baada ya swali. Fouga ni ndege ya shule. T-6 ni ya shule. T-28 ni ya shule. Hata MB-326 za Italia ambazo Zaire ilinunua baadaye zilibuniwa kwa kufundishia. Nchi hii imepigwa sana na ndege ambazo kwao walizitengeneza ili vijana wajifunze kuruka. Bei ndogo, injini isiyo na matata, uwanja wa udongo unatosha, unafunga bunduki na roketi chini ya mabawa, kazi imeanza.

Sasa yule mama. Ametoka milima ya juu, amekimbia mara tatu. Alinikuta nikirekodi sauti karibu na bomba la maji akaniambia bila kunizungusha: "Wee mwanangu wa redio, Jumamosi ile uliweka mlio wa ndege, watoto wangu waliingia chini ya kitanda. Huyu mdogo hakutoka hadi usiku." Mlio ule tuliuweka mara moja, kwa uamuzi wa kikao chetu, tukidhani utapendeza kipindi. Nilipoleta maneno yake kikaoni hakuna aliyebisha. Mlio ukatoka, dalili zikabaki maneno matupu.

Nikamwuliza kama tuache kipindi chote. Alifikiri. Akasema watoto wake wakubwa wanakipenda, wanachora ndege kwenye mchanga, wanahesabu injini. "Lakini usiwadanganye," akasema. "Jina la ndege haliniambii imebeba nini."

Neno hilo nimelitumia kuandaa swali la C-130. Dalili: injini nne, bawa liko juu ya kiwiliwili, mlango mkubwa wa nyuma unashuka kama ulimi, iliruka mara ya kwanza 1954 na inatengenezwa hadi sasa. Tarehe 24 mwezi wa 11 mwaka 1964 C-130 za Marekani ziliwaangusha paracommando wa Ubelgiji Stanleyville, Kisangani ya leo, kuwatoa Wazungu walioshikwa na Simba. Wengi waliokolewa, wengine waliuawa asubuhi ile ile, na Wakongo waliokufa mjini siku zilizofuata ni wengi kuliko wao, ingawa vitabu huwapa mistari michache. Mwaka 1978 C-130, za Zaire safari hii, ziliwaangusha Wafaransa Kolwezi, pamoja na Transall, ambayo ukiitazama ni kama C-130 yenye injini mbili. Aina hiyo hiyo ya C-130 ndiyo inayobeba magunia ya unga na dawa katika nchi nyingi zenye njaa. Ulimi ule ule unashuka.

Majuzi usiku kambi moja iliamka kwa kishindo, watu wakaanza kufunga bache na sufuria. Msichana mmoja anayefuata kipindi alisimama akasema si ndege ya mabawa, ni helikopta, sikilizeni upepo unavyokatwa. Alikuwa sawa, kulipokucha ikajulikana imekuja kuchukua wagonjwa. Wengine walimsikiliza wakaketi. Wengine walifunga mizigo yao vilevile wakangoja asubuhi, na mama yule alikuwa mmoja wao. Siwezi kumwambia kwamba alikosea.

Basi kipindi kinaendelea. Swali la Jumamosi hii nawapa mapema, muulizane nyumbani na chini ya mahema: iliundwa Uingereza, ikaruka mara ya kwanza 1949, injini zake mbili za jeti zimeingizwa ndani ya mabawa, India ilizileta Kongo 1961 kwa ajili ya Umoja wa Mataifa, na jina lake ni la mji mkuu wa nchi nyingine kabisa. Mzee wa T-28 ameombwa asubiri dakika tano kabla ya kupiga, ili na wengine wapate yunite.