Taa Iliyozimika, Vali Iliyobaki Wazi

Mafundi wa enzi ya mvuke waliijua mashine kwa sikio na kiganja. Mngurumo ukibadilika tu, fundi alikuwa ameshashika gurudumu la vali. Geji na swichi zilipokusanywa katika chumba kimoja, mbali na joto na mafuta, mwendesha mitambo alibaki na kile tu alichoonyeshwa na paneli. Wabunifu wengi waliliona hilo kuwa suala la kupanga nyaya.

Katika kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, saa 10 alfajiri ya Machi 28, 1979, pampu za maji zilisimama. Vali ya kupunguza shinikizo ikafunguka kama ilivyotakiwa, kisha ikakwama wazi. Kwenye paneli, taa yake ikazimika. Taa hiyo iliongezwa baada ya vali kukwama mwaka uliotangulia, lakini iliunganishwa na amri, si na vali: umeme wa kuifungulia ukikatwa, taa huzimika, vali ifunge isifunge. Waendeshaji wakaamini imefunga, na maji ya kinu yakavuja kwa zaidi ya saa mbili. Geji ya tangi lililoyapokea ilikuwa upande wa nyuma wa paneli, ambako aliyesimama mbele haoni. Ving'ora zaidi ya 100 vilikuwa vimelia katika dakika za mwanzo. Craig Faust, mmoja wa waendeshaji wa zamu hiyo, aliiambia tume ya uchunguzi kwamba angependa kuitupilia mbali paneli ya ving'ora. Alikuwa na haki kabisa. King'ora kisichosaidia kuamua ni kelele, na kelele huua.

Kisha zikaja skrini. Zamani kuongeza king'ora kulidai taa, waya na nafasi ukutani. Sasa kulitaka kubonyeza tu, basi vikaongezwa ovyo. Julai 24, 1994, kabla ya mlipuko katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha Milford Haven, Wales, waendeshaji wawili walipata ving'ora 275 katika dakika 11 za mwisho. Na vali moja ilionyeshwa kuwa wazi ilhali imefunga, miaka 15 baada ya Pennsylvania. Inaudhi.

Mwongozo wa Uingereza wa 1999, EEMUA 191, ulipendekeza wastani usiozidi king'ora kimoja kwa dakika 10 mitambo ikiwa shwari. Mwaka 2015 kikafuata kiwango cha ISA-101 kuhusu skrini zenyewe. Viwanda vilivyozingatia mafunzo hayo vimeacha mapambo: skrini ni ya kijivu, na rangi kali huwaka pale tu mtu anapotakiwa kuchukua hatua.