Mkono Usioandika

Mjukuu wangu yuko darasa la pili. Jioni hukaa mezani kwangu hapa Kagunga akinakili maneno ya kitabu chake, nami hujifanya nasoma. Mkono wa kulia umekaza penseli. Wa kushoto, usio na kazi yoyote, umelala mezani, vidole vikikunjika na kukunjuka kana kwamba nao unaandika. Akifika kwenye neno refu, vidole vile huongeza mwendo.

Mwaka 1976, nikiwa mwalimu kijana, nilimchapa mtoto kwa jambo hilo hilo. Niliamini anacheza. Nilimwamuru aukalie mkono wa kushoto; akaukalia, bega likaanza kutikisika. Akaniambia, "Si mimi, mwalimu. Unakwenda wenyewe." Nikaona huo ni ukaidi, nikamwongezea fimbo mbili.

Nyakati hizo jioni nilifundisha pia kisomo cha watu wazima. Serikali ilikuwa imeutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kazi hiyo ilituangukia sisi walimu wa shule za msingi. Darasa lilijaa siku za mbalamwezi, kwa kuwa taa za karabai haziwavuti dagaa mwezi ukiwaka, na wavuvi hubaki nchi kavu. Walikuwa watu wa makasia na nyavu, lakini penseli iliwatoa jasho. Mmoja wao kila alipoandika jina lake, ngumi ya kushoto ilijikaza juu ya goti mpaka jina liishe. Huyo nilimpa pole. Ajabu ni kwamba sikuyaunganisha mambo hayo mawili: mtu mzima nilimwona anajitahidi, mtoto nilimwona anacheza.

Maelezo yake niliyasoma baada ya kustaafu. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza mkono wa kulia, na wa kulia huongoza wa kushoto, kwa sababu nyuzi nyingi za fahamu hupishana chini ya ubongo kabla ya kushuka kwenye uti wa mgongo. Pande hizo mbili zimeunganishwa na tita nene la nyuzi, na sehemu ya kazi yake ni kuutuliza upande usiohitajika. Kwa mtoto utulivu huo haujakomaa. Kwa wengi hukamilika karibu na umri wa miaka 10. Mtu mzima naye akikaza nguvu sana, au akifanya kazi asiyoizoea, amri huvuka upande wa pili. Wako wachache wanaozaliwa na hali hiyo na kuishi nayo maisha yote. (Ikimwanza mtu mzima ghafla pamoja na udhaifu wa mkono, hilo ni jambo la daktari.)

Siku hizi nikifungua kifuniko cha dumu kwa mkono wa kulia, wa kushoto nao hukunja ngumi.

Yule mtoto sasa ana wajukuu. Mwaka jana nilimkuta ufukoni akisubiri boti ya Kigoma. Akaniwahi kwa shikamoo. Nikamweleza yote, nikamwomba radhi. Alicheka kidogo.

"Mwalimu, mimi nilijifunza kuuficha mfukoni."

Karani akamletea daftari la mizigo atie sahihi. Aliinama akaandika, mkono wa kushoto ukiwa ndani ya mfuko wa suruali.