Farasi Aliyesimulia Vita

Msomaji mpenzi, je, wewe umepata kumwona farasi kwa macho yako? Mimi, katekista wa milima hii ya Kivu, mwenye miaka 37, sijamwona. Farasi ninaowajua ni wa picha tu: yule wa Mtakatifu Martino anayekata vazi lake ampe maskini, na yule wa Mtakatifu Jorji mwenye mkuki. Huko seminarini mwalimu wetu wa historia alituchorea farasi ubaoni, nasi tukacheka sana, maana alifanana na mbuzi mwenye shingo ndefu. Hata hivyo mwaka huu nimekaa miezi miwili na farasi mmoja, naye ndiye ninayetaka kuwapasha habari zake.

Jina lake ni Joey. Kitabu chake kinaitwa War Horse, nacho kilitungwa na Mwingereza Michael Morpurgo mwaka 1982. Mimi nimekisoma kwa Kifaransa. Nilikikuta katika sanduku la vitabu lililoletwa parokiani, chini ya vitabu vya hesabu vilivyoliwa na mende. Ni kitabu cha watoto, tena chembamba, lakini habari yake ni ya vita vikubwa vya 1914-1918. Na ajabu yake ni hii: anayesema tangu mwanzo hata mwisho si askari, wala jemadari, wala mwenye kuandika historia. Ni farasi mwenyewe.

Nilianza kuwasimulia watoto siku za Jumamosi, baada ya mafundisho, chini ya mti wa avoka ulio nyuma ya kapela. Ijumaa usiku nilisoma kwa Kifaransa, na kesho yake nikasema kwa Kiswahili. Hapo kwanza walikuwa watoto kumi na wawili. Jumamosi ya nne hata wazee walikuwapo, wakisingizia kwamba wamekuja kupumzika kivulini.

Mtungaji alipataje wazo la kumpa farasi maneno? Yeye alikaa katika kijiji cha Iddesleigh, katika jimbo la Devon, kusini-magharibi ya Uingereza, na kijijini hapo walikuwamo bado wazee waliokwenda vitani walipokuwa vijana. Mmoja wao alikuwa askari wa farasi, akamwambia kwamba kule vitani hofu yake yote alimwambia farasi wake, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumwambia. Tena Morpurgo na mkewe walikuwa na shamba ambalo watoto wa mijini walikuja kukaa na kufanya kazi. Akaja mtoto mmoja mwenye kigugumizi, asiyetaka kusema na mtu. Usiku mmoja wakamkuta zizini akimwambia farasi maneno mengi, bila kukwama, na farasi amesimama anamsikiliza. Basi mtungaji akaona kwamba jambo hili linaweza kuandikwa. Mimi sikulistaajabia sana. Msomaji wa Biblia anamkumbuka punda wa Balaamu, aliyemwona malaika njiani mbele ya bwana wake aliyejidhani mwenye kuona.

Habari yenyewe ni hii. Joey ni farasi mwekundu mwenye alama nyeupe ya msalaba usoni na miguu minne iliyo kama imevikwa soksi nyeupe. Analelewa na kijana Albert, mtoto wa mkulima. Baba yake ni mlevi, na vita vinapoanza mwaka 1914 anamwuza farasi kwa jeshi kwa siri, ili apate fedha za kuokoa shamba. Albert anakimbilia kujiandikisha, lakini anakataliwa, hajatimiza miaka. Farasi anapandishwa merikebuni, anavuka bahari mpaka Ufaransa, na afisa anayempanda, Kapteni Nicholls, anauawa katika shambulio la kwanza kabisa, wakati farasi na panga vinatumwa kushindana na bunduki za kufyatua risasi mfululizo. Baadaye Joey na rafiki yake Topthorn, farasi mkubwa mweusi, wanatekwa na Wadachi. Sasa anavuta gari la majeruhi wa Wadachi. Usiku analala katika shamba la mzee mmoja Mfaransa na mjukuu wake Emilie, ambaye vita vimekwisha kumla ndugu yake na wazazi wake. Kisha anafungwa kwenye mizinga, katika matope, pamoja na farasi wanaokufa wangali wamesimama kazini.

Hapa mtoto mmoja wa miaka tisa alinyosha mkono akauliza: «Mwalimu, huyu farasi alikuwa upande gani?»

Nilitaka kumjibu upesi, nikashindwa. Alitoka kwa Waingereza, akawavutia Wadachi majeruhi wao na mizinga yao, akalishwa na Wafaransa. Kila mtu aliyempiga mswaki na kumpa maji alikuwa mtu wake. Nikamwambia mtoto: «Alikuwa upande wa yule aliyemshika kamba.» Mtoto akasema: «Basi alikuwa kama sisi.» Wazee wakacheka, lakini kicheko chao kilikuwa kifupi.

Nguvu ya kitabu iko hapo. Farasi hajui bendera. Anamtambua mtu kwa mkono wake, kwa sauti yake, kwa harufu ya koti lake. Ndiyo sababu tunaweza kukaa naye katika mahandaki ya pande zote mbili, jambo ambalo askari hawezi kulisimulia isipokuwa ametoroka au ametekwa. Sehemu niliyoisimulia mara tatu kwa kuombwa ni ile ya Joey aliyekimbia, akajikuta peke yake katikati, kwenye uwanja usio wa mtu, amejeruhiwa na waya wa miiba. Pande zote mbili zinamwona. Risasi zinanyamaza. Anatoka Mdachi mmoja na kitambaa cheupe, na kwa upande wa pili anatoka mtu wa Wales. Nani amchukue? Wanarusha sarafu, na yule wa Wales anampata. Kabla ya kuachana wanapeana mikono, wakikiri kwamba wao wawili wangeachiwa mambo haya wangeyamaliza upesi. Halafu kila mmoja anarudi shimoni kwake, na vita vinaendelea.

Lakini sitawaficha yale yaliyonisumbua. Kwanza, farasi huyu anafahamu Kiingereza, Kifaransa na Kidachi bila kufundishwa. Huku kwetu angepata kazi ya ukalimani katika ofisi yoyote. Hili ni dogo, tunamsamehe mtungaji. La pili ni zito zaidi. Kwa kuwa farasi haulizi nani aliyeanzisha vita na kwa faida ya nani, msomaji naye hasukumwi kuuliza. Kila mtu anakuwa mwema ajabu, na vita vinakuwa kama mvua ya mawe iliyotoka juu. Sisi tuliokaa katika nchi ya vita tunajua kwamba wako watu walioketi mezani wakaitaka mvua hiyo.

La tatu liko ndani yangu. Topthorn anakufa ghafula, moyo umechoka kwa kazi, baada ya kunywa maji. Siku hiyo watoto walilia chini ya mti wa avoka, na mzee mmoja akajifanya ana mafua. Jumamosi iliyofuata nikasimulia kifo cha David, rafiki ya Albert, aliyeuawa na kombora vita vikiwa karibu kwisha. Hakulia hata mmoja. Wakauliza: «Na Joey je, amepona?» Nilikasirika, nikataka kuwakemea kwamba mtu ni zaidi ya mnyama. Maneno yalikuwa mdomoni, yakakataa kutoka.

Mwaka 1996, mwezi wa kumi, vita vilipofika kwetu, mimi nilikuwa na miaka minane. Tulikuwa na ng'ombe mmoja jike, jina lake Kahawa kwa ajili ya rangi yake. Ndiye nilimchunga, ndiye aliyenipumulia shingoni asubuhi za baridi. Usiku ule baba alikata kamba yake, akampiga kofi ubavuni aende popote, nasi tukakimbilia msituni. Katika nyumba ya pili kutoka kwetu alikuwako bibi kizee asiyeweza kutembea. Alibaki. Tuliporudi baada ya majuma mengi, bibi yule alikuwa amekwisha kuzikwa na watu wasiojulikana, na Kahawa hakuonekana tena. Nililia siku tatu kwa ajili ya Kahawa. Kwa bibi sikulia, naye alikuwa akinipa viazi vitamu vya kuchoma kila nilipopita mlangoni pake. Sijui kuueleza moyo wa mtoto. Nadhani mnyama tunamlilia kwa wepesi kwa kuwa hatuna deni naye la maneno, na kumlilia bibi kungenilazimu niulize kwa nini hatukumbeba.

Kwa hiyo sikuwakemea watoto.

Mwisho wa kitabu nitaupita upesi. Joey anapelekwa hospitali ya wanyama, na mmoja wa askari wanaohudumu pale ni Albert, aliyekwisha kuwa mtu mzima. Hamtambui mpaka matope yaoshwe, msalaba mweupe uonekane. Anapona pepopunda. Vita vinapokwisha, jeshi linaamuru farasi wauzwe hukohuko Ufaransa, na wanunuzi wengi ni wachinjaji. Yule mzee, babu ya Emilie, anawashinda wote mnadani, kisha anamwuzia Albert farasi kwa senti moja ya Kiingereza, kwa sharti kwamba awasimulie watu habari za Emilie, maana msichana amekufa. Kitabu hiki kimekuwa mchezo wa jukwaani London mwaka 2007, farasi wakiwa vikaragosi vikubwa vilivyotengenezwa na mafundi wa Afrika Kusini, na mwaka 2011 kikawa filamu ya Steven Spielberg.

Jumamosi hiyo ya mwisho, watoto walipokwisha kutawanyika, baba yangu alibaki ameketi. Mbele ya watu huniita Mwalimu. Tukiwa wawili huniita mwanangu. Akasema: «Mwanangu, farasi huyo ninamjua. Ni babu yangu.»

Mimi nilidhani anatania. Lakini tazama, msomaji, namna vita hivyo vilivyopiganwa upande wetu wa dunia. Kule Ulaya walikufa farasi wanaokadiriwa kuwa milioni nane, pamoja na nyumbu na punda. Huku Afrika ya Mashariki farasi hawakufaa kitu, kwa sababu ya mbung'o. Waingereza waliwaleta, wakafa maelfu kwa maelfu kwa ugonjwa wa nagana. Ng'ombe wa kuvuta magari nao wakafa. Mzigo haukufa. Ukatafutiwa mgongo mwingine. Majeshi ya Wabeleji yaliyotoka Kongo kupigana na Wadachi, yakapita Ruanda na Urundi hata kuingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, yalikuwa na askari Waafrika, na nyuma yao wapagazi. Hesabu inayotajwa ya wapagazi wa Kongo katika vita vile ni 260,000. Waingereza nao walitwaa watu karibu milioni moja, wakafa zaidi ya 90,000, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mtaa wa Kariakoo katika Dar es Salaam umepata jina lake kwa kikosi hicho cha wapagazi.

Babu ya baba yangu alikuwa mmoja wa wale wa Kongo. Alibeba sanduku la risasi kutoka ziwa Kivu mpaka Tabora. Baba anamkumbuka akiwa mzee sana, na begani ana nundu ngumu kama kwato, ambayo wajukuu waliruhusiwa kuigusa. Alisema kwamba mpagazi akianguka kwa kuhara damu, sanduku lake liliokotwa kwanza. Hakujua vita vile ni vya nani, wala Mfalme wa Wabeleji ni nani, wala Mdachi amemkosea nini. Alijua sanduku lake. Baba, alipokuwa mtoto, alimwuliza: «Babu, nani alishinda?» Mzee akafikiri sana, akajibu: «Sanduku lilifika.»

Nimeirudia habari hiyo kichwani siku nyingi. Farasi hana kinywa, na Mwingereza mmoja mwenye huruma amempa. Babu yetu alikuwa na kinywa, akaishi miaka mingi baada ya vita akiwa nacho, na sijasikia kwamba padri, afisa au mwalimu yeyote aliketi naye na kalamu mkononi. Hata mimi, niliyefundishwa seminarini tarehe za vita vya Napoleon, sikuwa nimemwuliza baba jambo lolote mpaka farasi wa Devon alipokuja kunikumbusha.

Basi nimenunua daftari la kurasa mia sokoni. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilikwenda kwa baba, nikaketi kwenye kigoda, nikafungua ukurasa wa kwanza. Yeye hajui kusoma, lakini alitazama kalamu yangu mpaka ikawa tayari. Nilidhani ataanza kwa kusema kwamba babu yake alikuwa mtu wa mahali fulani, mtoto wa fulani. Akanyosha bega lake la kuume, akafumba macho, akaanza:

«Mimi walinikamata asubuhi, nikienda kuchota maji.»