Nilivyoumwaga Mkondoa mezani Hamburg

Leo nakupeleka Hamburg, Ujerumani, na usianze kuguna ukadhani nimeokota pesa. Tiketi alikata dada yangu, ambaye ameolewa huko na ilikuwa miaka kumi na ushei hajaniona. Mimi nilikwenda na begi moja, dagaa wa Kigoma kilo mbili, na koti la mtumba ambalo baridi ya kule ililicheka waziwazi.

Siku ya tatu shemeji akatupeleka Speicherstadt. Ni mtaa wa maghala ya matofali mekundu, ulianza kujengwa mwaka 1883, na mifereji ya maji inapita katikati kama barabara. Humo ndimo ilimokuwa ikilazwa kahawa, chai, viungo na mazulia ya dunia nzima. Hamburg na Dar es Salaam ni miji rafiki kwa mkataba tangu 2010, lakini ukiyatazama maghala yale unajua kabisa kwamba udugu wa magunia ulianza zamani.

Ndani ya ghala mojawapo kuna kitu kinaitwa Miniatur Wunderland. Ndugu wawili mapacha, Frederik na Gerrit Braun, walikifungua na wenzao mwaka 2001. Ni reli ya kuchezea, lakini usidharau neno hilo. Treni ni zaidi ya 1,000, zinapita kwenye milima, miji na uwanja wa ndege ambao ndege zake zinaruka kweli. Kila kitu kimepunguzwa mara 87. Mtu mzima anakuwa na urefu wa sentimita mbili, sawa na kunguni aliyeshiba akasimama wima. Kila baada ya robo saa taa zinafifia, usiku unaingia, na madirisha maelfu kwa maelfu yanawaka. Watu wazima na mvi zao, midomo wazi! Na mimi mmojawapo.

Sasa wenzangu wanakodolea macho treni, mimi nimeganda kwenye mito. Upande wa Skandinavia wameweka maji ya kweli, lita 30,000, meli zinaelea na maji yanapanda na kushuka kama bahari inavyokupwa na kujaa. Lakini mito midogo ya bara haina tone la maji. Unaona kabisa inatiririka, unaona jiwe chini, unaona povu, na bado hakuna kinachotembea. Dada akanivuta mkono, "Twende, unaziba njia." Nikamwambia, "Hebu tazama hapa, si kama kule kwetu kambini?" Akatazama. Hakujibu, ila na yeye akaziba njia.

Hapo inabidi nikurudishe nyumbani kidogo, vinginevyo hutanielewa.

Baba yetu alikuwa mtu wa relwe, mnyapara wa gengi. Reli ya Kati, ile Wajerumani walioanza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914, ukitoka Kilosa kwenda bara inafuata bonde la mto Mkondoa. Kambi yetu ilikuwa huko, ng'ambo ya Munisagara: nyumba chache za relwe, reli juu ya tuta, mto chini ya tuta. Tumeogea pale, tumechotea pale, tumechapwa kwa ajili ya pale. Baba alipostaafu akajenga Kilosa, naye akafariki 2003. Mwishoni mwa 2009 kuingia Januari 2010, mto ule ule ukavunja tuta la Kilosa. Maelfu ya watu wakabaki bila makazi, reli iking'olewa na kuning'inia hewani, safari za treni zikakatika kwa miezi. Nyumba ya mzee ilikwenda, na ndani yake ikaenda albamu yetu ya picha, ile ya jalada la maua. Mama akahamia Morogoro kwa kaka. Tangu hapo habari za mto hazitaki. Ukianzisha tu, anakumbuka kuna uji jikoni.

Basi bwana, tumerudi nyumbani jioni ile, shemeji akacheka akasema, "Kumbe unapenda haya mambo? Njoo umwone baba." Baba yake ni mzee wa miaka sabini na kitu, fundi bomba mstaafu, na chumba chake cha chini ya nyumba ni reli tupu. Na si reli pana za Ulaya, bali reli nyembamba za mita moja kama yetu ya zamani, ambazo kwa kipimo kile zinakuwa milimita 12. Mwisho wa meza palikuwa na kipande cha mita moja hakina kitu. Mzee akaniuliza, shemeji akatafsiri: "Mto wa kwenu ukoje?" Nikaeleza. Akanipa penseli na karatasi. "Chora."

Ndugu yangu, nilichora tuta, nikachora reli, nikachora nyumba. Nilipofika kwenye mto mkono ukasimama. Mwembe ulikuwa upande gani? Mawe ya kufulia yalikuwa juu au chini ya kalvati? Nikamwita dada. Dada akasema mwembe ulikuwa upande wa juu, mimi nikasema wa chini, tukagombana kwa Kiswahili katikati ya Ujerumani mpaka mzee wa watu akaenda kutuchemshia kahawa. Picha ya kuamua ugomvi ilikwenda na maji 2010. Ndipo nilipohisi baridi ambayo haikuwa ya Hamburg. Kumbe mahali pale palikuwa pamebaki ndani ya vichwa vyetu tu, na vichwa vyenyewe ndivyo hivi.

Tukapiga simu kwa kaka. Kaka akaamua: mwembe juu, mawe mawili, chini ya kalvati. Kazi ikaanza, na kazi yenyewe nakupa ilivyo, maana nilidhani wanapaka rangi ya bluu basi.

Kwanza mto unachongwa. Mzee alichukua foamu ngumu, jamaa ya ile nyeupe inayokuja na katoni la televisheni, akaikata kwa kisu, akapaka plasta. Halafu anapaka rangi chini, na hapa ndipo penye siri: kina cha mto ni uongo wa rangi. Katikati unatia kahawia nzito karibu na nyeusi, ukija kando unaipunguza mpaka inafanana na mchanga. Maji yenyewe yatakuwa milimita chache tu, ila jicho litaapa kwamba kuna shimo la kuzama mtu. Mchanga nilichekecha mimi kwa chujio la chai la dada (aliuliza liko wapi, nikanyamaza). Hata mchanga lazima upunguzwe mara 87, la sivyo punje inakuwa jabali.

Kisha majani. Zamani, mzee alisema, walikuwa wakimwaga unga wa mbao uliotiwa rangi ya kijani, mbuga inafanana na zulia la baa. Siku hizi kuna nyuzi fupi za nailoni na kidude chenye betri, mfano wa chujio lenye mpini. Unapaka gundi chini, unachomeka msumari kwenye gundi mbichi, unaubana na waya wa kile kidude, unakitikisa kwa juu. Umeme unazivuta nyuzi, zinadondoka zimesimama wima kama askari kwenye gwaride! Nilipiga kelele kama mtoto. Mzee akanionya nisitumie rangi moja, kwani majani ya rangi moja hayapo duniani. Tukachanganya kijani, manjano na kahawia iliyokufa, mafupi ya milimita mbili mbali na maji, marefu ya milimita sita karibu na maji.

Nikamwambia milimita sita haitoshi, ni nusu mita tu, na matete ya Mkondoa yanafunika mtu. Mzee akafikiri, akafungua droo, akatoa kipande cha kamba kuukuu. Nikaishika, nikainusa. Katani! Mimi mtoto wa Kilosa, nimepita mashamba ya katani ya Kimamba maisha yangu yote, nakutana nayo chini ya ngazi ya Mjerumani. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya katani kutoka Florida kuleta kwetu, na iliyofika hai ni 62 tu. Kutoka kwa ile 62 yakaja mashamba yote yale. Tukaikata kamba vipande vya sentimita mbili na nusu, tukaifumua, tukachomeka nyuzi shina kwa shina kwa kibanio cha nyusi cha dada (hicho aliona). Jioni tatu zilikwisha kwenye matete peke yake.

Ikabaki maji. Ni gundi ya chupa mbili, rezini na kikaushio chake, unachanganya kwa kipimo kamili na unakoroga taratibu usiingize mapovu. Ukikosea kipimo haikauki maisha. Mzee alitaka iwe angavu, vijito vya kwao ndivyo vilivyo. Nikakataa, Mkondoa ni chai ya maziwa! Tukatia tone la rangi ya udongo, tone moja tu, maana la pili linageuza mto kuwa ukuta. Ncha ya meza huzibwa kwa utepe wa gundi, kama tuta, ili mto usimwagike. Unamwaga milimita tatu, unapitisha moto wa kibiriti cha gesi kwa juu kupasua mapovu, unafunika vumbi lisiingie, unangoja siku nzima ndipo umwage tena.

Kuziba kwa utepe nilipewa mimi.

Asubuhi mzee alishuka kabla ya kahawa, tukasikia sauti ambayo haikuhitaji mtafsiri. Utepe ulikuwa umeachia pembeni kidogo, tundu la kupitisha sindano. Mkondoa wote ulikuwa sakafuni, na kandambili moja ya mzee imegandishwa katikati ya ziwa. Dada alitaka kucheka, akaniangalia, akaacha. Nilikuwa nimeketi kwenye ngazi, siwezi kusema kitu. Ni gundi tu, najua. Lakini mto ule tena, tuta lile tena, na safari hii mlinzi wa tuta ni mimi, mtoto wa mnyapara. Mzee akakaa ngazi ya juu yangu. Akasema, shemeji akatafsiri: miaka arobaini alikuwa akiziba mabomba ya watu, na hakuna hata bomba moja ambalo halikuvuja. Akanipa utepe mpya. Safari hii tulipitisha na silikoni ya bafuni.

Ulisimama. Tukamwaga mara ya pili, ya tatu. Viwimbi tulivitengeneza kwa gundi nzito inayong'aa, unaidonoa kwa brashi, na kwenye mawe mguso wa rangi nyeupe kuwa povu. Tukaweka mwembe upande wa juu, dada akanitolea ulimi. Nikapiga picha, nikainamisha simu mpaka chini kabisa, mahali ambapo macho ya mtoto yangekuwa, nikamrushia kaka.

Kimya. Saa mbili, kimya. Halafu ikaingia sauti, si ya kaka.

"Nani aliyewaambia mawe mawili?"

Mama. Nikamwamkia hapohapo kwa simu, shikamoo mama, hata hakuitikia.

"Yalikuwa matatu. La tatu bapa, limeinama kwenye maji, ndilo nililofulia mimi. Hayo mawili yalikuwa ya mke wa stesheni masta. Na maji hayo mmeyachuja? Mbona meupe hivyo?"

Akaendelea. Njia ya kuteremkia ilikuwa na kona. Baba alikuwa akiacha toroli pale juu na kumpigia mluzi. Kuna siku alishuka na sare yake yote akateleza mpaka kwenye maji, mama akacheka hadi sabuni ikachukuliwa na mto. Hiyo sijapata kuisikia, na dada naye hakuwahi. Dakika kumi na moja, msomaji wangu, mwanamke ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa akikimbilia uji.

Nikamweleza mzee kuhusu jiwe la tatu. Tatizo ni kwamba mto ulikuwa umekwisha kuwa mgumu kama kioo. Aliuangalia, akaniangalia, akavaa kandambili yake iliyobaki, akaenda kutafuta keekee.